Point of Grace au BarlowGirl: tufuate njia ya nani?

Sisi ni akina dada wanne wa kwaya, Likoni. Point of Grace, kundi la akina dada wa nyimbo za Kikristo huko Marekani, nao walianza wakiwa wanne, chuoni Arkansas, 1991. Mmoja alipoondoka mwaka 2008 waliendelea watatu. Hilo ndilo linanigusa: dada yetu wa sauti ya pili amejifungua juzi, na mazoezi hayajasimama. Twaimba kwa makofi tu, stima ikipotea, au feri ikichelewa kumvusha mpiga kinanda.

BarlowGirl walikuwa bendi ya Kikristo ya dada watatu wa familia moja, wa Illinois, Marekani, wakipiga gitaa, kinanda na dramu wenyewe. Naupenda sana uhuru huo! Lakini dramu ni ghali, na wao waliacha 2012. Mimi nasema tuanze na sauti. Gitaa tutachangia polepole.