Julius Caesar na Augustus: Njia Mbili za Kuishika Roma

Mapema mwaka 44 KK, Julius Caesar alikubali cheo cha dikteta wa maisha, akakalia kiti cha dhahabu katika Seneti, na maseneta walipomwendea kumtangazia heshima mpya hakuinuka. Tarehe 15 Machi walimuua kwa visu, wakiongozwa na watu kama Brutus, ambaye Caesar mwenyewe alikuwa amemsamehe.

Augustus, mjukuu wa dada ya Caesar na mrithi wake, hakuwa mwepesi wa kusamehe: mwaka 43 KK yeye na washirika wake walitoa orodha za watu wa kuuawa, Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri, akiwamo. Hata hivyo, aliyaficha mamlaka yake vizuri zaidi. Mwaka 27 KK alitangaza kuirudisha dola kwa Seneti na raia, huku akibaki na majimbo yenye sehemu kubwa ya majeshi. Misri, iliyoilisha Roma kwa nafaka, seneta hakuruhusiwa kuikanyaga bila idhini yake. Inasimuliwa kwamba alivaa nguo zilizofumwa na wanawake wa nyumbani kwake, unyenyekevu ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa siasa tupu. Alifariki mwaka 14 BK, akiwa na umri wa miaka 75, naye Tiberius, mwanawe wa kambo, akarithi mamlaka yote.