Wagenia, Kisangani: tuliingia bila hodi

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda Kisangani, mkoa wa Tshopo, Kongo ya Kinshasa, kuona wavuvi wa Wagenia. Kampuni ya watalii siitaji. Tulikuwa watu sita, wenzangu wote wakizungumza Kifaransa. Kiongozi alitoka Kinshasa. Kilingala na Kifaransa anavimwaga, Kiswahili hana. Hilo si kosa. Kosa ni alichokifanya na Kiswahili cha mwenzake.

Njia nzima alitupigia hadithi za Stanley, mpelelezi wa enzi za ukoloni: kituo alichokianzisha mwaka 1883, mji uliokuja kuitwa Stanleyville hadi 1966. Wagenia wenyewe, ambao ndio tulikuwa tunawaendea, hakuwagusa hata kwa sentensi moja.

Tulipofika kwenye maji makali, akaruka juu ya mwamba na kutuambia tupige picha haraka. Vijana walikuwa wamening'inia kwenye magogo yaliyosimamishwa juu ya maji wakivuta mgono, mtego wa kunasia samaki, na mgono wenyewe ni mkubwa, mtu mzima anaingia mzima mzima. Mwenzetu mmoja akakanyaga kamba inayofunga magogo ili apate pembe nzuri ya picha. Kamba ya porini ile, na chini yake mto unaunguruma. Kijana aliye juu akashika gogo kwa mikono miwili, akatutazama.

Mzee mmoja akateremka taratibu. Hakupaza sauti. Alimwambia kiongozi, kwa Kiswahili cha kwao: "Munaingia mu nyumba ya mutu bila hodi?"

Kiongozi akatugeukia na kutafsiri kwa Kifaransa: "Anataka pesa. Msijali, hawa wamezoea kuomba."

Jamani! Mzee hakutamka neno pesa. Aliuliza swali ambalo kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Wenzangu wakaanza kupapasa mifuko, mmoja akamnyooshea noti bila hata kumsalimia. Mzee akaitazama ile noti, mikono yake ikabaki nyuma. Picha hiyo sijaipiga, lakini ndiyo niliyorudi nayo.

Nikawaambia wenzangu maneno yake halisi. Waliona aibu, na kwa haki yao, aliyekanyaga kamba alikuwa wa kwanza kuomba radhi. Kiongozi akanijibu kwamba namharibia kazi. Mimi! Nikamwendea mzee, nikamwita papa, yaani baba, kama nilivyosikia vijana wake wakimwita, nikamwomba radhi kwa niaba ya wote, nikamuuliza tuanzie wapi. Akasema tuanzie kwa chifu, kama wageni wote. Ilikuwa hatua chache tu kutoka pale! Kumbe hata ada ya kijiji, ambayo kampuni iliiandika kwenye risiti yangu, ilikuwa haijafika kwa mtu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua: msiende nao, hata kwa bure.

Lakini siwezi kuwazuia watu wasione nilichokiona baadaye. Baada ya chifu kutupokea, mzee mwenyewe alitukalisha na kutueleza. Magogo hayasimamishwi ovyo. Husubiri maji yapungue, ndipo miguu yake iingizwe kwenye matundu ya mwamba. Kila mahali pana mwenyewe, aliyeachiwa na baba yake. Ndiyo maana ile ni nyumba. Mgono hutazama mkondo, na nguvu ya maji yenyewe humsukuma samaki ndani mpaka ashindwe kugeuka. Kijana aliyekuwa amekanyagiwa kamba akatuvutia mgono mmoja, maji yakimwagika kila upande, na alipotuona tumekaa kimya akatabasamu. Maporomoko ya Boyoma kwenye Mto Kongo ni saba, kuanzia Ubundu, na haya ni ya mwisho. Nilitamani kuyaona yote kwa macho ya mzee yule.

Basi niseme nini? Mpiga kasia wa kampuni alikuwa mtu wa adabu kabisa, na mtumbwi ulikuwa salama. Kama hamna njia nyingine, nendeni nao, ila muulizeni kiongozi mapema kama ameshapeleka salamu kwa chifu. Akisitasita, shukeni. Hapana, nikikumbuka mzee alivyotafsiriwa, nafuta: msiende nao. Tafuteni mtu wa Kisangani.

Na ile ada ya kijiji tuliyolipa, kampuni iwapelekee wenyewe. Risiti ninayo.