Plagi nane za Cessna 172: miezi 14 na Tempest UREM37BY

Ukisema pale kiwanja cha ndege cha Kisauni, Unguja, kuwa wewe ni fundi wa plagi, vijana wanakutazama kama umesema unashona matanga. Ndege ndogo nyingi zinazopeleka watu Pemba na bara siku hizi ni Caravan, injini za tabo. Zile zina viwashio viwili vya kuanzishia moto tu, na moto ukishashika hauna haja ya cheche tena. Mie nimebaki na Cessna 172P moja ya 1982: injini ya Lycoming O-320-D2J, silinda nne, nguvu farasi 160, magneto mbili (ndizo zinazozalisha umeme wa cheche), plagi nane. Tajiri wangu hana mpango wa kuiuza, na mie sina mpango wa kumshawishi.

Ndege hii safari yake kubwa ni Chake Chake. Ni kama dakika 40 kutoka Kisauni, na ukishaipita Nungwi chini yako yanakuwa maji matupu, bluu iliyokoza, mpaka uione Pemba. Injini ni moja. Kwa hiyo nikikwambia nimetumia miezi miwili kuchagua plagi, usinione mkaidi.

Mambo yalianza mwaka juzi, msimu wa wageni. Kabla ya kuruka, rubani hupandisha injini mpaka mizunguko 1,700 kwa dakika, akaacha ifanye kazi na magneto moja, akarudisha mbili, akajaribu ya pili. Kwa 172 hii, mizunguko ikishuka zaidi ya 125 upande wowote, au tofauti baina ya pande mbili ikapita 50, hamwendi popote. Siku hiyo kushoto ilishuka 190 na ndege nzima ikatetemeka kama daladala ya Bububu iliyojaza mpaka mlangoni. Kepteni akarudi, akanipungia mkono, hakusema kitu. Abiria walikuwa wawili, wote na nguo za harusi.

Nikafungua. Plagi za juu zilikuwa nzuri. Za chini tatu kati ya nne zilikuwa na vijipunje vya kijivu vimekwama baina ya kauri na ganda la chuma, vigumu, mfano wa ufuta ulioungua. Hiyo ni risasi, ile madini, si ya bunduki. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya samawati inayoitwa 100LL, hizo herufi mbili maana yake ni risasi kidogo, lakini kidogo yenyewe inafika gramu 0.56 kwa lita. Ndani yake mna dawa ya bromini ambayo kazi yake ni kuibeba ile risasi itoke na moshi. Dawa hiyo inataka joto, ncha ya plagi ifike kama nyuzi 430 za selsiasi. Chini ya hapo risasi inakaa, inagandamana, na siku moja inaunga njia ya mkato, cheche ikapita humo badala ya kuruka kwenye nafasi yake.

Na joto hilo litatoka wapi Kisauni? Agosti unakaa nyuma ya ndege kubwa mbili tatu za Ulaya, injini inanguruma taratibu, mkono mwekundu wa mchanganyiko wa petroli na hewa umesukumwa mpaka mwisho kwa sababu ndivyo rubani alivyofundishwa skuli, dakika kumi na tano zinapita. Petroli nyingi, joto dogo. Plagi zilizokuwemo zilikuwa Champion REM40E, na sizisemi vibaya hata kidogo: ndizo za injini hii, na zilifanya kazi miaka. Ila kwa maisha haya ya foleni nikataka ncha inayopata moto mapema.

Hapo ndipo herufi zinapoingia, na hapo ndipo tulipopigwa.

Nilimwandikia tajiri kwenye simu, alikuwa safarini Dubai, achukue REM40E nane za kuanzia wakati mie natafuta nyengine. Muuzaji akampa RHM40E. Herufi moja. Tajiri akaona 40E, akalipa, akarudi na boksi mkononi anatabasamu. Uzi wa kuingia kwenye silinda ni uleule, milimita 18, urefu mfupi. Lakini E pale katikati maana yake kichwa cha plagi kina uzi wa inchi 5/8, na H ni 3/4. Waya zetu zina nati za 5/8. Plagi inaingia kwenye injini vizuri kabisa, ila waya haishiki. Na H si mbaya, tena huzuia unyevu vizuri zaidi. Kwa hewa yetu ya chumvi ningeipenda, lakini ingebidi kubadilisha seti nzima ya waya. Yule muuzaji akasema boksi likishafunguliwa hapokei. Tajiri hakunigombeza, alisema tu, "Fundi, mara nyengine nitumie picha." Tangu siku hiyo natuma picha.

Basi msomaji mwenye ndege kama hii, soma hivi. R ya mwanzo ni kizuizi cha umeme kilichomo ndani. Herufi ya pili ni kichwa. Ya tatu ni uzi wa chini: M ni mfupi, B ni mrefu, na ukitia mrefu pasipo pake ncha inachomoza ndani ya silinda. Namba ni joto, kubwa zaidi ni plagi ya moto zaidi. Mwisho, E ni zile nene za kawaida, S ni za waya mwembamba wa iridiamu, na BY ni zenye ncha ya kauri iliyotokeza mbele. Tempest, watengenezaji wengine, huongeza U mwanzoni na baada ya hapo wanafuata mtindo uleule. Lakini kuelewa herufi si ruhusa. Ruhusa iko kwenye waraka wa Lycoming namba 1042, unaoorodhesha injini moja moja na plagi zake. Uangalie toleo la sasa, usiangalie lile lililobandikwa ukutani na marehemu fulani.

Nilichokichagua ni Tempest UREM37BY, nane zote. Ile ncha iliyotokeza inaingia kwenye moto wenyewe, kwa hiyo hata injini ikinguruma taratibu inapata joto, na ukiweka nguvu zote, hewa baridi inayoingia inaipoza. Tena ile pango ya kati ya kauri na ganda, ambayo ndiyo nyumba ya risasi, haifungiki kirahisi.

Kuzipata kulitaka subira. Kuna mtu Dar es Salaam alinipa bei nzuri mno, nikamuuliza fomu 8130-3 ya mamlaka ya anga ya Marekani, ile ya kuthibitisha spea, iko wapi, akanambia, "Kaka, ni zilezile, tofauti karatasi tu." Nikamshukuru nikakata simu. Tofauti ni karatasi tu mpaka siku mkaguzi anapofungua kitabu cha injini, au siku unapoogelea. Nikaagiza kwengine, kwa bei kubwa zaidi, zikaja kila moja ndani ya kifuko chake na fomu yake.

Mpwa wa tajiri naye, anayeuza spea za pikipiki Mwanakwerekwe, aliona bei akashika kichwa. "Mjomba, plagi ya elfu chache mimi nnazo dukani." Nikampa moja aishike. Akaiona nzito, imevikwa chuma mpaka juu kabisa ili cheche isiingie kwenye redio ya rubani. Akaniregeshea kwa mikono miwili.

Kuzifunga nilizipima kwanza. Nafasi ya cheche inchi 0.016, na kizuizi cha ndani nikakipima kwa mita: zote nane zilikuwa chini ya omu 2,000. Tempest wenyewe wanasema ikipita 5,000 itolewe. Kwa udadisi nikapima zile za zamani, moja ikasoma 14,000, na kwa macho ilikuwa nzuri kuliko zote. Ndiyo maana simwamini fundi anayechagua plagi kwa kuitazama. Washa ya shaba mpya kila mara, mafuta ya grafiti kidogo bila kugusa uzi wa kwanza, toki, yaani nguvu ya kukazia, futi-pauni 30 hadi 35. Na ule mwisho wa waya, ile springi, usiushike kwa vidole. Mikono ya watu wa huku ina jasho na jasho lina chumvi, umeme unafuata chumvi. Nafuta kwa spiriti, natia, basi.

Plagi ya sita ilimponyoka kijana wangu. Haikwenda mbali, kutoka mezani mpaka sakafuni. Akaiokota, akaipuliza, akasema, "Fundi, haina hata mkwaruzo." Nikaitia kwenye ndoo ya taka mbele yake. Kauri hupasuka ndani usione, ikaja kukuonesha ukiwa baharini. Alinyamaza mpaka saa sita, na mie nikanyamaza vilevile kwa sababu ilibidi nimpigie tajiri simu ya plagi moja. Siku hizi nalaza kipande cha mkeka mezani na mwengine sakafuni.

Sasa matokeo, maana najua mnayasubiri. Jaribio la kwanza: kushoto ilishuka 70, kulia 80, injini laini. Baada ya masaa 100 nikazitoa. Za chini zilikuwa na risasi, siongopi, lakini ya kuhesabika, ikatoka kwa sindano ya kutetemesha dakika chache kila moja. Nikazihamisha, za chini zikenda juu na juu zikaja chini, na silinda kwa silinda kwa mpangilio wa kitabu, kwa sababu magneto inarusha cheche kwa kupokezana mwelekeo. Plagi moja inaliwa nguzo ya kati na mwenzake meno ya pembeni. Sasa zina masaa 170 na zaidi, nafasi imefika 0.018, omu hazijapanda pakubwa, na hatujarudi kutoka kwenye foleni hata mara moja.

Haki ya plagi nisiipe yote. Wiki ile ile ya kuzifunga nilikaa na kepteni kwa kahawa, nikamwomba akiwa chini avute mkono mwekundu mpaka injini ianze kusita, kisha arudishe kidogo, akae kwenye mizunguko 1,000 au 1,200 badala ya 700. Na kabla ya kuzima apandishe 1,800 kwa sekunde 15 hadi 20, ashushe, akate kwa mchanganyiko. Hiyo ni nasaha ya Lycoming, si yangu. Aliniambia, "Sawa, fundi, lakini nikisahau kuusukuma mbele wakati wa kuruka?" Swali zuri. Nikamwambia avute sana, mpaka akijaribu kuruka nayo injini imkatalie hapohapo. Akivuta nusu nusu ndiyo hatari. Nakisia nusu ya usafi wa zile plagi ni mkono wa kepteni.

Iridiamu? Nimezishika, nimezipenda. Moja inapita dola 100, zaidi ya mara mbili ya hizi, na inaweza kufika masaa 2,000, ambayo ndiyo umri wa O-320 kabla ya kufumuliwa yote. Hazishiki risasi kirahisi, injini inawaka vizuri zaidi asubuhi. Ukiwa na Cessna 206 inayobeba wageni kila siku, nunua, zitajilipa. Ndege yetu inaruka kama masaa 150 kwa mwaka. 2,000 ni miaka 13. Ndani ya miaka 13 kijana wangu ataangusha ngapi?

Kasoro za 37BY ninazo mbili. Ile kauri iliyotokeza inataka mkono mwepesi kusafisha. Ukizoea kuchokoa zile za kawaida utaivunja. Na nafasi ikikupita ukaibana mno, usijaribu kuifungua kwa kupenyeza chuma, utapasua ncha. Unabana kidogo, unapima, unabana tena. Mtu wa haraka atazichukia.

Nitanunua tena seti hii hii zikifika masaa 400 hivi. Zile RHM40E nane bado zipo kabatini, saba hazijawahi kuonja injini na moja ilionja dakika tano. Fomu zake ninazo. Anayezitaka aje na kitabu cha injini yake na waya mmoja mkononi, nati tuijaribu kwanza ndiyo tuzungumze bei.