Toni Morrison: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani, aliandika riwaya 11, kuanzia The Bluest Eye ya mwaka 1970 hadi God Help the Child ya mwaka 2015. Anayeulizia kazi zake kwa mara ya kwanza karibu kila mara hupewa Beloved, kwa sababu ndiyo iliyopata Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, mwaka 1988, na miaka mitano baadaye mwandishi akapata Nobel ya fasihi. Hapo ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Wanafika ukurasa wa hamsini hawajajua nani mzimu na nani mtu, wanafunga kitabu, na Morrison anabaki na sifa ya ugumu. Riwaya kubwa na riwaya ya kununua kwanza ni mambo mawili, na hapa namfikiria mtu mwenye hela ya kitabu kimoja tu mwezi huu.

Namba moja kwangu ni Song of Solomon, ya mwaka 1977, na kwa hili sitetereki. Hadithi inafunguka tarehe 18 Februari 1931, wakala wa bima akiwa juu ya paa la hospitali, ameahidi kuruka hadi ng'ambo ya Ziwa Superior. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Morrison mwenyewe, huko Lorain, Ohio. Kesho yake, katika hospitali hiyohiyo, anazaliwa Milkman, mtoto wa kwanza mweusi kuzaliwa humo. Ukoo wake unaitwa Dead kwa sababu askari mlevi, akiwaandikisha watu waliotoka utumwani, alijaza fomu ya babu yake ovyo: babu aliulizwa baba yake ni nani, akajibu amekufa, na jibu likaingia kwenye nafasi ya jina. Babu hakujua kusoma. Jina likabaki.

Milkman akishakua anakwenda Pennsylvania, kisha Virginia, akitafuta dhahabu. Anachokipata ni majina ya wahenga wake, yamefichwa ndani ya wimbo wa watoto wanaocheza duara. Msomaji aliyekulia kwenye michezo ya nyimbo uwanjani, na kwa bibi anayetaja ukoo jina kwa jina, hatahitaji maelezo mengi hapo. Riwaya ina safari, ina rafiki anayegeuka mwindaji, ina shangazi asiye na kitovu, na inachekesha. Barack Obama, alipomvisha Morrison Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 2012, alikumbuka alivyoisoma ujanani.

Wanaoiweka Beloved juu wana hoja nzito, na lazima nizijibu. Riwaya hiyo ya mwaka 1987 ilitokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, aliyetoroka utumwani Kentucky mwezi Januari 1856, akavuka Mto Ohio, na alipozingirwa akamuua binti yake asirudishwe. Ilipokosa tuzo ya kitaifa ya vitabu, waandishi na wahakiki weusi 48 walitia saini tamko la kumtetea Morrison katika gazeti la New York Times. Mwaka 2006 gazeti hilo lilipowauliza waandishi na wahakiki riwaya bora ya Marekani ya miaka 25 iliyotangulia, iliyoongoza ni Beloved. Nakubali kwamba hakuna kurasa zenye nguvu zaidi katika kazi zake zote. Lakini Beloved inakufungia ndani ya nyumba moja na msiba mmoja, wakati Song of Solomon inabeba jamii nzima, wenye nyumba na wapangaji, wanaume na wanawake, pesa na ndoto. Kwa hiyo naiweka ya pili. Inunue ukishazoea sauti ya Morrison, na uisome polepole.

Kama muda ni mfupi au Kiingereza kinakuchosha, anza na Sula, ya mwaka 1973. Haifiki kurasa 200. Ni urafiki wa Nel na Sula, mmoja akabaki mtaani na kuolewa, mwingine akaondoka na kurudi baada ya miaka kumi. Ukurasa wa mwisho Nel anagundua miaka yote hiyo alikuwa akimlilia nani, na nadhani ndio mwisho bora zaidi alioandika Morrison. Ni ya tatu.

Ya nne ni The Bluest Eye, kisa cha Pecola, mtoto anayeomba apewe macho ya buluu ili apendwe. Palipo na mkorogo, kitabu hiki hakihitaji kutetewa. Ila mzazi ajue kwamba kina tukio la baba kumbaka bintiye, hivyo usimnunulie mtoto kabla hujakisoma wewe.

A Mercy, ya mwaka 2008, ni fupi na ya kushtua. Inarudi Amerika ya miaka ya 1680, kabla utumwa haujafungwa moja kwa moja kwenye rangi. Jazz ni ya anayependa lugha kuliko kisa. Paradise inawagawa watu, nami niko upande wake, ingawa majina ni mengi na utataka karatasi ya kuyaandika. Home na Love azima kwa rafiki.

Tar Baby ina kisiwa kizuri, lakini wahusika wanajadiliana kama wako kwenye mdahalo. Ya mwisho kabisa ni God Help the Child. Inarudia jeraha la The Bluest Eye, mama anayekataa weusi wa mwanawe, lakini wasimulizi wake wanafanana sauti, na maajabu yanayoupata mwili wa Bride, yule binti aliyekataliwa, yanaachwa yaning'inie. Mwenye hela chache asiiguse.

Recitatif nayo ni hadithi fupi moja tu, iliyotolewa kama kitabu mwaka 2022 pamoja na utangulizi wa Zadie Smith. Ni hadithi bora, ila jua unalipia kurasa chache.

Ukitafuta mtandaoni, andika jina la mwandishi pamoja na la kitabu, la sivyo Song of Solomon itakuletea vitabu vya Biblia. Chunguza pia usiuziwe muhtasari wa wanafunzi wenye jina lilelile. Kwa wauzaji wa barabarani, fungua katikati: nakala za wizi huwa na wino hafifu na kurasa zilizoruka. Matoleo ya kampuni ya Vintage yenye utangulizi wa Morrison mwenyewe ndiyo ya kutafuta. Katika ule wa Song of Solomon anaeleza jinsi kifo cha baba yake kilivyompeleka kuandika juu ya wanaume. Usome ukishamaliza riwaya.