Pensheni Jamii ya Zanzibar: ndogo kwa kiasi, kubwa kwa heshima

Pensheni Jamii, fedha ya kila mwezi ya wazee ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuilipa Aprili 2016, haifai kupimwa kwa kiasi cha fedha peke yake. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000, fedha ambazo huku Konde, Pemba, hazimfikishi mwisho wa mwezi mzee anayenunua dawa za presha. Hata hivyo, kwa ninavyoona kwa mama yangu mkubwa anayeipokea, naiweka mbele ya misaada mingine yote aliyowahi kupata.

Sababu kubwa ni kuwa haimtaki mtu athibitishe ufukara wake. Mzanzibari aliyetimiza miaka 70 anaistahiki hata kama maisha yake yote alivua au alichuma karafuu bila ya kuchangia mfuko wowote, kwa hivyo hakuna anayeonekana ombaomba kwa kuipokea. Mama mkubwa hununua tambuu yake bila ya kumwomba mtu, humpa mjukuu fedha ya daftari, na jirani akisomesha khitma naye hutoa mchango wake kama wenzake. Mzee wa namna hiyo bado hushauriwa mambo ya nyumba, wala watoto hawazungumzi juu yake kana kwamba hayupo. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kule Unguja zina kazi yake kwa asiye na mtu, lakini wengi wetu tungependa wazee wetu wabaki mtaani kwao, karibu na msikiti wao na makaburi ya watu wao.

Ninaloikosoa ni umri. Miaka 70 ni mingi kwa mwanamke aliyeinamia mwani tangu ujana wake, na mgongo wake haungoji tarehe. Tena fedha haziogeshi, hazifui, wala hazimshiki mzee mkono kumpandisha gari ya kwenda hospitali. Kazi hiyo yote imebaki kwa mabinti na wakwe, bila ya malipo, na kwa kweli bila ya shukurani nyingi.

Mwenye mzee anayekaribia umri huo akitazame mapema kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, kwani wengi waliozaliwa mashamba waliandikiwa mwaka wa kukisia, na kosa la miaka mitatu ni pensheni ya miaka mitatu.