Boti ya kumwona papa usingizi Msimbati: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza. Nililipa shilingi 45,000, tukiwa wanne kwenye boti ya faiba, na hapo miwani na mrija wa kupumulia vimo. Tozo ya hifadhi ya bahari haimo, wala nauli ya bodaboda kutoka Mtwara mjini. Kiuno changu hakijaisamehe ile safari.

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Miaka miwili nilifanya kazi Uarabuni, kwenye akwaria ya umma, jikoni kwa samaki. Si cheo: kuosha ndoo, kukata ngisi, kupima kwenye mizani. Papa usingizi walikuwa wanne na kila mmoja alikuwa na daftari lake, kala gramu ngapi, kakataa nini. Asubuhi nachukua vibua vilivyotoka kwenye barafu, nafunua shavu, natumbukiza kidonge cha vitamini humo ndani, maana samaki aliyegandishwa siku nyingi vitamini B1 yake hupungua. Halafu kuna madini joto. Siku ya kwanza nilicheka: papa naye anaugua rovu? Anaugua. Maji yakizungushwa yale yale na kusafishwa kwa ozoni, madini joto yanapungua, tezi inavimba kama ya mtu wa milimani aliyekosa chumvi nzuri. Chakula chenyewe anapelekewa kwa koleo refu, kwa sababu kinywa chake ni kidogo lakini kinafyonza kwa nguvu za ajabu, na hakichagui kati ya ngisi na vidole vyako.

Wale walikuwa aina hii hii ya kwetu, Nebrius ferrugineus. Yule anayesifika Marekani upande wa Atlantiki ni mwingine. Nikajiuliza, mimi mtoto wa Mtwara, niliyekula papa mkavu tangu sijaota meno yote, itakuwaje huyu nimjue kwa kupitia kioo tu?

Tuliambiwa saa moja asubuhi. Tukaondoka saa tatu kasoro, eti mafuta yamefuatwa. Hapo nilikasirika kweli, kwa sababu ni msimu wa kusi, na upepo ukishaamka bahari haikusubiri umalize chai. Miwani niliyopewa raba yake imekakamaa, inaingiza maji kila nikigeuza shingo. (Nikiri: nina masharubu, na masharubu nayo huvujisha.)

Lakini nahodha! Mzee wa makamo, zamani mpiga pweza. Nilipomwamkia akaitika, "Marahaba, baba," kisha akatusomea masharti kabla hajawasha mashine: hakuna kugusa, hakuna kutupa chakula, na asikae mtu mbele ya mdomo wa pango, kwa sababu ndio mlango wake wa kutokea. Wala hakutuahidi kitu. "Akiwepo yupo. Akiwa katoka, mtaona samaki wengine na nitawarudisha salama."

Jiwe la tatu alikuwepo. Pima tatu hivi kwenda chini, chini ya tumbawe lililotanda kama meza, mkia mrefu umebaki nje kama mtu aliyejifunika shuka fupi. Rangi ya mchanga mbichi. Nilitulia juu nikihesabu mashavu yake yakifunguka na kufunga. Kuna papa ambao lazima waogelee ndipo wapumue. Huyu analala kifudifudi mchana kutwa, anavuta maji mwenyewe, usiku ndio anaamka kuwinda. Alipogeuza kichwa nikaona zile ndevu mbili karibu na mdomo, nikamkumbuka mmoja wa kule aliyekuwa akija kwenye koleo kabla sijalizamisha.

Mwenzetu mmoja akateremsha fimbo ya kamera kuelekea pangoni. Nahodha akapiga ubavu wa boti kwa kafi, mara mbili, bila kusema neno. Fimbo ikapanda. Baada ya dakika kumi tukaitwa juu sote.

Nikamuuliza, "Mzee, huyu si ndiye anawamalizia pweza?"

"Ndiye mwizi wetu mkubwa. Lakini jiwe analolala, pweza hawako mbali. Sasa nimfukuze nani atanionyesha?"

Kurudi tulilowa mpaka kwenye mifuko, na yale maboya ya kuvaa yalikuwa matatu kwa abiria wanne. Hili mwenye boti alirekebishe kabla ya jambo lingine lolote. Miwani mbovu naweza kuivumilia.

Nyota nne, zote za nahodha. Ukienda, chagua siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, muulize mapema idadi ya maboya, na ubebe miwani yako. Mimi nitarudi wakati wa leleji, pepo zikitulia, na nimeshaamua: masharubu yanaondoka.