Boti ya kioo au miwani na mrija?

Siku tatu kisiwani, na orodha ya matembezi ilijaa ukurasa mzima. Nikachagua mawili, yote ya baharini.

Boti yenye sakafu ya kioo niliichukua kwa ajili ya mama, asiyejua kuogelea. Tuliondoka saa tatu asubuhi, maji yakikupwa, tena siku za bamvua, yanapokupwa mno. Injini ilitibua mchanga, chini kukawa kweupe kama maziwa. Kioo chenyewe kilikuwa na mikwaruzo. Mama aliinama saa nzima, akaona samaki watatu. Iliniuma sana, maana aliyetuuzia safari alijua hali ya maji na hakutwambia.

Kesho yake, safari ya kuogelea kwa miwani na mrija, nilipata nahodha wa namna nyingine kabisa. Nilitaka tuondoke mapema, akakataa: "Subiri maji yajae." Akanieleza kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo saa ya jana si ya leo. Alipaka mate ndani ya miwani yangu, akaisuuza, na haikuingia ukungu hata kidogo. Akatukataza kukanyaga matumbawe, kwa kuwa ni viumbe hai. Kasa alikuwa akila nyasi za bahari, kisha akapanda kuvuta pumzi, karibu yangu hadi nikayaona makunyanzi ya shingo yake.

Huyu nampa nyota tano. Ile boti, mbili, kwa sababu ya maboya mazuri waliyomvalisha mama. Kabla ya kulipa, ulizia maji yanajaa saa ngapi.